Mwalimu Desimali Ashuka Chekechea

Mwalimu Desimali alikuwa amestaafu miaka miwili na miezi mitatu, na kama ungemuuliza angekutajia hata siku zilizozidi. Alifundisha hisabati madarasa ya juu kwa miaka thelathini na mmoja, na jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hakuwa mtu wa "kama hivi" wala "karibu na". Ukimwambia umechelewa dakika tano, anatazama saa na kukurekebisha: sita na nusu. Wanafunzi walilitaja kwa kunong'ona wakidhani halijui. Alilijua, tena alilipenda, na siku ya kuagwa alijiita hivyo mwenyewe kwenye hotuba, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Asubuhi moja akiwa mezani na mumewe, simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule yake ya zamani, mtu mzima mwenye mvi, lakini aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na mpaka leo akizungumza naye kwenye simu husimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema, una shida gani?"

"Umejuaje nina shida?"

"Mtu hapigi simu saa mbili kasoro kumi kwa ajili ya salamu."

Shida yenyewe ilikuwa hii: mwalimu wa chekechea alikuwa amejifungua wiki tatu kabla ya siku zake. Mama mzima, mtoto mzima, lakini darasa la watoto ishirini na wawili wa miaka minne na mitano lilibaki na msaidizi peke yake. Je, Mwalimu angekubali kulishika kwa wiki kumi?

"Nimefundisha wenye ndevu," Mwalimu Desimali alisema, "nitashindwa na wenye meno ya maziwa?"

Alipokata simu, mumewe alikuwa anatabasamu ndani ya kikombe. "Wenye ndevu walikuwa wanakuogopa," alisema. "Hawa bado hawajajua kuogopa."

"Watajua," mkewe alimjibu, akaenda kutafuta rula yake.

Chumba cha chekechea kilikuwa mwisho wa jengo, karibu na bomba la maji. Alipoingia Jumatatu hiyo alidhani amekosea mlango akaingia stoo. Sakafuni kulikuwa na mikeka, na kila pembe ilikuwa na vurugu ya aina yake: huku beseni la maji na chupa tupu, kule vizibo vya soda kwenye kreti, pale udongo wa kufinyanga umefunikwa kwa kitambaa kibichi. Upande wa dirishani kulikuwa na duka la uongo lenye maboksi matupu ya sabuni na majani ya chai. Katikati ya hayo yote alisimama msaidizi wa darasa, mwanamke wa makamo, mnene, mpole, ambaye watoto na wazazi na hata Mwalimu Mkuu walimwita Shangazi.

"Karibu, Mwalimu," Shangazi alisema. "Wanaingia saa mbili na nusu. Tunaanza na michezo."

"Tunaanza na hisabati," alisema Mwalimu Desimali. "Hivi vitu vinakaa wapi?"

Vikaenda stoo, vyote, na ufunguo wa stoo akaufunga kwenye kamba akauvaa shingoni. Meza zikapangwa mistari mitatu zikitazama ubao. Wazazi walipofika mlangoni na watoto wao, aliwaambia kwa sauti ile ile iliyokuwa ikifika mpaka uwanjani: "Ndani ya wiki kumi, watoto hawa watahesabu na kuandika moja mpaka mia."

Wazazi walifurahi sana. Aliyefurahi kuwashinda wote alikuwa fundi wa magari, baba mmoja mwenye mikono isiyotakata hata aioshe vipi, aliyekuwa amemshika binti yake wa mwisho. "Hapo sasa!" alisema. "Mwaka mzima huyu anarudi nyumbani na udongo kichwani. Nikimuuliza umesoma nini, ananiambia maji. Nalipa ada asome maji?"

Binti huyo, ambaye wenzake walimwita Konokono kwa mwendo wake, alikuwa anachunguza kifungo cha sare yake kana kwamba hajawahi kukiona.

Kufika saa tatu na nusu siku hiyo, mtoto mmoja alikuwa amelala juu ya daftari, mmoja yuko chini ya meza, wawili wanalia kwa sababu wa tatu alilia, na mmoja amejikojolea kimya kimya bila kumsumbua mtu. Konokono aliibonyeza penseli mpaka ncha ikakatika, akachongewa, akaikata tena. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kidomodomo asiyekaukiwa maneno, aliyeitwa Redio, aliinua mkono kwa adabu.

"Mwalimu, wewe ni bibi?"

"Mimi ni mwalimu."

"Lakini nyumbani ni bibi?"

Mwalimu Desimali hakutetereka. Alikuwa ameona mengi. Siku ile, watoto walipoondoka na Shangazi akiwa anapiga deki, alimwambia, "Usiwaonee huruma. Samaki mkunje angali mbichi."

"Ni kweli, Mwalimu," Shangazi alisema akikamua tambara. "Ila hawa bado ni mayai. Yai halikunjwi."

Mwalimu Desimali aliona ni utani mzuri, akacheka, akaendelea na lake.

Na kwa kweli mambo yakaenda. Ndani ya siku nane darasa lilikuwa linaimba moja mpaka mia, wakipiga makofi kila wanapofika kumi. Redio aliweza peke yake, kwa pumzi tatu. Mwalimu Desimali alimwita Mwalimu Mkuu aje asikilize, naye akaja, akasimama nyuma, akapiga makofi. "Siku nane!" Mwalimu Desimali alimnong'oneza. "Nipe mwaka, nitawapa logarithimu." Asubuhi zile watatu kati ya watoto walianza kuumwa tumbo getini, na Konokono alikuwa hajatamka neno darasani tangu wiki ianze, lakini hayo aliyahesabu kuwa ni mambo ya kuzoea.

Siku ya tisa, saa nne, wakati wa maziwa, Shangazi alikuwa nje anamwosha mtoto aliyeanguka kwenye tope. Maziwa yalikuwa tayari kwenye birika. Meza ya kwanza ilikuwa na watoto saba, na Mwalimu Desimali akamgeukia bingwa wake.

"Redio, lete vikombe saba."

Redio akaenda kwenye kabati, akarudi na vikombe kifuani, akavimwaga mezani.

"Hesabu."

Kidole kikapita juu ya vikombe kama inzi, mdomo ukikimbia mbele yake. "Moja-mbili-tatu-nne-tano-sita-saba-nane-tisa!"

Vikombe vilikuwa vitano. Mwalimu Desimali aliviangalia, akamwangalia Redio, akadhani mtoto anamchezea.

"Nilikuomba vingapi?"

"Saba."

"Na hapa pana vingapi?"

"Tisa."

"Sasa?"

"Sasa vipo!" alisema Redio kwa furaha, akaketi.

Akamwita mwingine, msichana mwenye sauti nzuri kuliko wote. Huyu alifumba macho, akashika kikombe kimoja, akaanza wimbo kutoka moja. Alipofika saba hakusimama, maana wimbo hausimami saba. Alienda nao mpaka mia, akapiga makofi, akafumbua macho akitegemea sifa.

Mwalimu Desimali akavirudisha vikombe katikati ya meza. Aliwajaribu wengine wawili, mambo yakawa yale yale. Ndipo Konokono akainuka bila kuitwa. Kwa mwendo wake ule ule akachukua vikombe viwili vya mezani, akaweka kimoja mbele ya mtoto wa kwanza, kingine mbele ya wa pili. Akarudi. Kila mtoto akapata kikombe mpaka vile vitano vikaisha. Akatazama meza, akaona mwenzake mmoja hana na mahali pake mwenyewe ni patupu. Akaenda kabatini, akaja na viwili, akaketi.

Mwalimu Desimali alipiga magoti pale penye meza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupiga magoti darasani.

"Umejuaje kama vinatosha?"

Konokono alivitazama vikombe kimoja kimoja. "Kila mtu ana chake," alisema.

Maziwa yalipoa kabla hayajamiminwa. Miaka thelathini na mmoja Mwalimu Desimali alikuwa amewapokea watoto kwenye madarasa ya juu, wengine wakiwa na miaka kumi na minne, waliojua jedwali la kuzidisha kama sala lakini ukiwauliza nusu ya robo wanakutumbulia macho. Alikuwa amewaita wavivu. Aliwachapa kwa rula vidole walivyovificha chini ya dawati kuhesabia. Hakuwahi kujiuliza walijengewa wapi msingi, na kama ulijengwa. Alidhani namba huingia kwa mdomo, na sasa alikuwa ameona kwa macho yake namba ikiingia kwa mkono, kikombe baada ya kikombe, kwa mtoto ambaye hata thelathini alikuwa hajui kuimba.

Mchana alikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu, akakataa kiti.

"Nataka nikuulize, na unijibu kama mtu mzima. Ulipokuwa kwangu, ulikuwa unaelewa hisabati?"

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mwalimu, nilifaulu."

"Sikuulizi kufaulu. Maksi zako nazikumbuka, themanini na moja nukta tano. Ulielewa?"

"Nilikuwa nahesabu kwa vidole vya miguu."

"Vya miguu?"

"Ndani ya viatu. Rula yako huko haikufika." Alicheka, lakini alipoona hacheki naye akaacha. "Mpaka leo, Mwalimu, nikijumlisha kichwani, vidole vya miguu vinacheza."

Mwalimu Desimali alikaa kwenye kile kiti alichokikataa. "Nisamehe," alisema.

Mwalimu Mkuu alibabaika kama amevunjiwa kitu. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia neno hilo likitoka upande ule. "Yameshapita, Mwalimu."

"Kwako yamepita. Nina watoto ishirini na wawili kule ambao hayajawapita."

Akarudi chekechea. Shangazi alikuwa anapanga viti juu ya meza.

"Ufunguo wa stoo uko wapi?" Mwalimu Desimali aliuliza, akitafuta kwenye droo.

"Shingoni kwako, Mwalimu."

Wakavitoa vitu pamoja, wanawake wawili wenye umri wao, wakihema na kupiga chafya za vumbi. Walipomaliza, Mwalimu Desimali akajifuta jasho, akasema bila kuzungukazunguka: "Mimi hapa sijui kitu. Lakini nikifundishwa nashika. Nifundishe."

Shangazi alimtazama kuona kama ni kejeli. Hakuwa anakejeli. "Basi kwanza," Shangazi alisema, "ukimuuliza mtoto swali, hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujamuuliza tena."

"Hilo tu?"

"Jaribu kwanza."

Kesho yake alijaribu, na yeye ambaye angeweza kuhesabu mpaka elfu bila kukosea alijikuta kila mara akifika nne mdomo umeshafunguka. Ilimchukua wiki nzima kufika kumi. Alipofika, aligundua kwamba watoto wengi hujibu kwenye saba au nane.

Alinunua daftari gumu, akamtengea kila mtoto kurasa nne, akaanza kuandika anachokiona, maana hakuwa mtu wa kufanya jambo juu juu. *Anapanga vizibo kwa rangi, halafu kwa ukubwa. Anajua tatu bila kuhesabu, akitazama tu. Anasema chupa ndefu ina maji mengi kuliko pana. Nimemmiminia mbele yake, bado anasema ndefu. Nimenyamaza.* Kunyamaza kule kulimtoka kama jino. Alitaka kumwonyesha, amweleze, amalize. Shangazi alimgusa kiwiko akampa kitambaa cha kufuta sakafu, na mtoto akaendelea kumimina siku kumi na moja, mpaka siku moja akasimama na chupa mkononi, amekunja uso, akasema, "Ni yale yale."

Konokono naye penseli ilikuwa bado inamshinda. Shangazi hakumpa penseli nyingine. Alimpa brashi pana ya kupakia rangi na ndoo ya maji, akamwambia apake ukuta wa nje. "Mkono huanzia begani," alimweleza Mwalimu Desimali. "Bega likikaza, kiwiko kinafuata, kisha kiganja. Vidole ni watoto wa mwisho." Konokono alipaka ukuta kila siku. Jua likaukausha kila siku. Akaupaka tena, na akawa anazungumza peke yake akipaka, kisha na Redio, kisha na kila mtu. Yale maumivu ya tumbo getini nayo yaliisha, na Mwalimu Desimali akaandika tarehe.

Wiki ya saba ulikuwa mkutano wa wazazi. Walikaa mle mle chumbani, kwenye vile viti vidogo, magoti yakikaribia videvu. Fundi wa magari hakungoja salamu ziishe. Alisimama na daftari la bintiye, akalifungua mbele ya watu.

"Mwalimu, kwa heshima zote. Kurasa tano za mwanzo kuna mikwaruzo. Baada ya hapo ni jangwa. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ulituahidi mia."

"Niliahidi," alisema Mwalimu Desimali. "Na nilikosea."

Fundi alilishusha daftari. Wazazi walijiandaa kwa maelezo, hawakujiandaa kwa hilo.

"Naomba dakika nane, kisha mniulize chochote. Nitawafundisha namba mpya. Semeni baada yangu: ba, ko, shu, ti, le, gu, pi, mo."

Wakasema, kwanza kwa aibu, kisha kwa kelele. Mara nne, mara tano, mpaka wote wakaweza bila kusaidiwa.

"Hongereni, mmejua kuhesabu. Sasa: ko jumlisha ti?"

Mtu akakohoa.

"Ni rahisi sana. Mmetoka kuzisema sasa hivi. Karani, tusaidie."

Mama yake Redio, karani wa posta ambaye kutwa nzima kazi yake ni namba, alianza kuzitaja upya kutoka ba, akapotea njiani.

"Fundi?"

Fundi wa magari alikuwa ameshaweka mikono nyuma ya mgongo, lakini mabega yalimsaliti. Walioketi nyuma yake waliona vidole vyeusi vikijikunjua kimoja kimoja. "Ba, ko..." alinong'ona. "Shu, ti, le... gu! Ni gu!"

"Ni gu. Umetumia nini?"

"Vidole," alisema fundi, na wazazi wakacheka mpaka kiti kimoja kikapinduka na mtu wake.

"Kwa nini?"

"Si nilikuwa na maneno tu! Neno peke yake nitalijumlishaje?"

Mwalimu Desimali aliacha hilo likae. Alihesabu moyoni mpaka kumi. Kisha akafungua daftari lake gumu, akawasomea, mtoto mmoja baada ya mwingine, kile anachoweza sasa na kile kinachofuata. Hakusema "anaendelea vizuri". Alisema, "Wako anahesabu vitu mpaka tisa bila kuruka. Wako anagawa vizibo kumi na mbili kwa wenzake watatu na anajua kila mmoja kapata vinne. Wako, Fundi, wiki ya kwanza hakuwa anasema. Jana ameuza dukani, akamwambia mteja: umechukua vitano, ulilipia vinne, rudisha kimoja."

Fundi alikaa. "Alisema hivyo? Wangu?"

"Kwa sauti."

"Na kuandika?"

"Mkono unakuja. Sitauvuta. Kabla mwaka haujaisha ataandika, na akiandika tano atakuwa anajua tano ni nini. Hilo naliahidi, na safari hii nimepima kwanza."

Si wote walioshawishika, na ni uongo kusimulia vinginevyo. Karani wa posta alimfuata baadaye mlangoni. "Mwalimu, nimekuelewa, lakini mwanangu ana uwezo. Nitampeleka ile shule ya barabara ya pili, wanapewa kazi ya nyumbani kurasa tatu kila siku." Mwalimu Desimali alimsihi, kisha akamwandikia kwenye karatasi yote aliyoyajua kuhusu Redio ili ampe mwalimu mpya, akitumaini atayasoma. Redio aliondoka, na darasa likawa kimya mno wiki iliyofuata. Mara mbili alijikuta akigeuka mstari wa mbele kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Wiki kumi zilipotimia, mwalimu wa chekechea alirudi, mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi, na kichanga mgongoni kuja kuonyeshwa. Mwalimu Desimali alimkabidhi daftari, kurasa themanini na nane, zote zimejaa. Yule mwanamke alisimama akazisoma mpaka kichanga kikaamka.

Mwalimu Mkuu alikuwa anangoja ofisini na barua tayari. "Mwaka ujao madarasa ya juu yanakosa mwalimu wa hisabati," alisema. "Mwalimu, nakuomba urudi kwenye kiti chako."

"Mpe mwingine. Mimi nipe darasa la kwanza."

"La kwanza? Wewe?"

"Hawa wanaopanda kutoka kule chini wakikutana na mtu kama nilivyokuwa mimi, kazi yote itabomoka ndani ya wiki. Nataka kuwapokea mwenyewe." Alisimama, akachukua mkoba. "Na agiza fundi seremala ashushe ubao wa darasa lile sentimita arobaini. Wanauandikia wakisimamia vidole vya miguu, na wao wanavitegemea kama wewe."

Mwalimu Mkuu alicheka mpaka miwani ikadondoka.

Siku ya kwanza ya mwaka mpya wa masomo, mlango wa darasa la kwanza ulifunguliwa saa moja na dakika hamsini. Wa kwanza kufika alikuwa fundi wa magari, mkono mmoja kamshika binti yake, mwingine kakumbatia kopo zito la rangi lililooshwa likang'aa. Alilitua mezani kwa kishindo. Ndani kulikuwa na nati, kubwa na ndogo, zimesuguliwa kwa sabuni mpaka hazina hata tone la grisi.

"Zinatoka kwangu gereji," alisema, akitazama pembeni. "Zinafika mia tatu hivi. Sijazihesabu, samahani."

"Usizihesabu," alisema Mwalimu Desimali. "Ukiwamalizia kazi yao, watakunyima shukrani."

Konokono alikuwa ameshaingiza mikono yote miwili ndani ya kopo. Akatoa nati moja kubwa, akaiweka mezani, akatafuta ya pili inayolingana nayo.